Pipa la Kwenda Kibosho

Kila asubuhi, kabla hajagusa chai yake, Mwalimu Elisaria huvuta gazeti. Hulitandaza mezani, huweka kikombe kilichojaa juu yake, hukunja mkono wa shati, hukaza macho, kisha hulichomoa kwa mkupuo mmoja kama anayemnyang'anya mtu. Kikombe hubaki pale pale, chai ikitikisika kidogo tu. Hapo humgeukia mkewe na kumkumbusha kwamba kitu kilichotulia hupenda kuendelea kutulia. Siku ambazo kikombe hakibaki, husema mkono umechelewa; kanuni yenyewe haina kosa.

Mkewe, Yuditha, aliacha zamani kununua vikombe vya udongo. Nyumbani kwao Marangu chai hunywewa kwenye vikombe vya bati, na kitambaa cha meza hufuliwa mara nyingi kuliko shuka.

Mwalimu alifundisha fizikia katika shule za sekondari za huku mlimani mpaka alipostaafu, na hata baada ya kustaafu hakuacha, ila wanafunzi walipungua wakabaki mmoja. Yuditha hakuwahi kusoma somo hilo darasani. Amelila pamoja na ndizi. Anajua kwa nini abiria huinama mbele gari linapofunga breki, kwa nini kiroba cha mbolea ni kigumu kukianzisha kuliko kukiendeleza kikishaanza kuburutwa, na kwa nini ng'ombe mwenye mimba asikimbizwe kwenye mteremko. Humwamini mumewe kama watu wanavyouamini utabiri wa hali ya hewa wa redioni: haupatii kila siku, lakini ni nani mwingine wa kuuliza.

Jambo moja tu la fizikia lilikuwa linamnyima raha, nalo lilikuwa mwanawe.

Jackson, mtoto wao wa kwanza, fundi umeme kule Arusha, alikuwa anaikaribia arobaini bila mke na bila dalili ya mke. Yuditha alimwombea, akawaomba na kina mama wa kanisani wamwombee. Mwalimu hakuwa na wasiwasi wowote. Alisema kijana ni kitu kilichotulia, na kitu kilichotulia hakisogei mpaka kisukumwe na nguvu itokayo nje. Tungoje nguvu.

Nguvu ikaja. Iliitwa Stella, muuguzi, binti wa Mzee Sirili wa Kibosho, familia ya Kikatoliki ambayo hata mbwa wao husemekana kunyamaza wakati wa sala ya jioni. Ndani ya miezi michache Jackson alinunua viatu vipya, akaanza kuja nyumbani bila kuitwa, na siku moja akamwambia mama yake, akiwa amegeukia ukuta, kwamba angependa wazee waende Kibosho. Yuditha alifurahi mpaka akakosa usingizi. Kisha akakosa usingizi kwa sababu nyingine. Alikuwa amesikia kanuni ile ile miaka yote ya ndoa yake, na sasa ilimgeukia: mtoto huyu akisimama tena, nani atamsukuma?

Mzee Sirili alileta masharti yake kupitia mshenga. Waje Jumamosi ile kabla ya Jumatano ya Majivu, kwa maana Kwaresma ikianza nyumba yake haipokei mbege, pombe ya ndizi, ya mtu yeyote. Wakichelewa, wangoje hadi Pasaka ipite. Na waje na pipa lililojaa, kama yalivyokuja ya dada zake Stella. Huku mlimani mbege ya posa haihesabiwi kuwa kinywaji. Ni mdomo wa maneno. Mzee wa upande wa binti hufunua pipa, hutazama ndani, na akikuta limejaa hadi shingoni, mazungumzo yanafunguliwa. Akikuta limepungua, wageni watapewa chakula, wataulizwa habari za mvua, watasindikizwa hadi njiani. Hawatafukuzwa. Ila hakuna kitakachosemwa.

Yuditha aliipika mwenyewe. Alivundika ndizi, akazichemsha kutwa nzima, akachuja, akakoroga uji wa ulezi, akaacha vitu vifanye kazi yao. Mbege iliyoiva vizuri inapumua, na ukiibana kabisa itaondoka na kifuniko chako. Kwa hiyo pipa la bluu la plastiki lilifunikwa kwa majani ya mgomba na kufungwa na kamba za mgomba kwa kulegea, jinsi mama yake alivyofunga na jinsi mama wa mama yake alivyofunga. Zamani hizo, lakini, mbege ya posa ilibebwa kichwani, kwa hatua za polepole. Haikuwahi kupanda gari.

Gari lilikuwa pikapu ya jirani yao Melkior, yenye safu mbili za viti, ambayo siku zote hupandisha majani ya ng'ombe kutoka mashamba ya tambarare. Vijana wanne walilipandisha pipa, wakalifunga kwa kamba nyuma ya kibanda cha dereva. Melkior aliapishwa kwamba hataonja hata tone, akaapa. Mwalimu, ndani ya koti lake la harusi yake mwenyewe, akakaa mbele. Yuditha alikataa kiti. Alitandika godoro la sponji pale nyuma, akakaa akilikumbatia pipa. Hakuwa tayari kumwachia mtu mbege yake, hasa mtu aliyesoma.

Kutoka Marangu hadi Himo ni mteremko, na pikapu iliushuka ikilalamika. Breki zilitoa harufu. Pipa lenyewe halikumsumbua Yuditha hata kidogo. Lilikuwa limejaa mpaka hakuna nafasi ya mbege kwenda popote, nalo lilitulia mikononi mwake kama jiwe la kusagia.

Himo walimkuta Mzee Efraimu, kaka mkubwa wa Mwalimu, amesimama kando ya barabara na fimbo yake. Efraimu ni mzee wa kanisa na hanywi pombe. Mbege haikuingia katika hesabu hiyo. Mbege ni chakula. Tena kuna utaratibu ambao hata askofu asingeubishia: mzee hawezi kuisindikiza mbege ambayo hajaijua, na mwenye mbege lazima anywe kwanza, mbele ya macho ya watu, ili ionekane kwamba haina sumu. Kwa hiyo Mwalimu alifunua majani, akachota kata, akanywa. Akalamba mdomo. Akampa kaka yake, naye akanywa kwa muda mrefu macho yakiwa yamefumba, kama mtu anayesikiliza.

Ingeishia hapo, kama Melkior asingetaja breki. Alisema tu kwamba mzigo ni mkubwa na gari linagoma kusimama. Mwalimu hajawahi kuliacha swali la namna hiyo lipite. Alieleza, kata mkononi, kwamba ugumu wa kukisimamisha kitu kinachokwenda unatokana na uzito wake ukizidishwa kwa mwendo wake. Ukiongeza kimojawapo, breki zinapata taabu, ukipunguza, zinapumzika.

Efraimu alifikiri.

"Kwa hiyo tukipunguza uzito, breki zinapona?"

"Kanuni inasema hivyo, kaka."

"Basi chota, mdogo wangu, usiwe mchoyo. Tunaokoa maisha ya watu."

Yuditha alikumbusha habari za shingo ya pipa. Shemeji yake alimjibu kwa upole kwamba chini kidogo ya shingo bado ni shingo. Na kwa kuwa kila anayepewa lazima atanguliwe na mwenye mbege, kila Efraimu alipokunywa mara moja, Mwalimu naye alikuwa ameshakunywa mara moja. Huo ni utaratibu, si ulafi.

Pasua, ndani ya mji wa Moshi, walimchukua mshenga, Mzee Kornel, mkwe wa Kibosho anayezijua lugha za pande zote mbili na vikombe vya pande zote mbili. Mshenga ndiye atakayesimama na kuapa kwamba kilicholetwa ni kizuri, ataapaje asichokijua? Utaratibu ukaanza upya. Kornel alipoelezwa suala la breki alikubali kwamba barabara ya Kibosho ina kona mbaya na kwamba usalama uje kwanza. Yuditha aliposema sasa mbege imeshuka hadi kiunoni mwa pipa, Kornel alimtuliza. Juu kule, kabla ya kufika kwa Sirili, kuna mama anayeuza mbege. Watasimama, watajaza, nani atajua. Yuditha hakupenda mbege yake ichanganywe na ya mtu asiyemjua. Lakini alikuwa amesikia harufu ya breki kwenye mteremko wa Marangu, na mumewe alikuwa amesema mzigo mwepesi ni salama zaidi. Moyoni hata alishukuru kidogo kwamba pipa limepungua.

Walipouacha mji na kuanza kona za kupanda, pipa lilizaliwa upya.

Mwanzoni Yuditha alidhani ni gari. Kisha akaona gari limetulia na pipa ndilo linalohema. Kwenye kona ya kushoto mbege yote ilikimbilia kulia, ikaupiga ukuta wa pipa, ikarudi ikiwa na hasira zaidi. Kwenye kona ya kulia ilikimbilia kushoto. Lile jiwe la kusagia alilolikumbatia asubuhi lilikuwa limegeuka ndama wa wiki moja, asiyetaka kushikwa. Na kila liliporuka, kamba zililegea kidogo. Alibisha juu ya paa. Mwalimu akatoa kichwa dirishani.

"Inacheza," Yuditha alimwambia.

Mwalimu alilitazama pipa kwa muda, akawa kama mtu anayetaka kusema jambo. Ndani ya gari Efraimu alisema kitu, Kornel akacheka, na kichwa cha Mwalimu kikarudi ndani.

Mbele kidogo, katikati ya barabara, palikuwa na ng'ombe. Alikuwa ng'ombe wa maziwa aliyezaliwa bandani, akalishwa bandani, na siku hiyo kwa mara ya kwanza alikuwa anahamishiwa kwa mwenye banda lingine. Barabara aliiona ni kitu cha ajabu, akasimama aitazame. Mwenyewe alivuta kamba, ng'ombe hakusogea. Melkior alifunga breki, na lazima isemwe kwamba breki, zikiwa zimepunguziwa mzigo wote ule, zilishika vizuri sana.

Gari lilisimama. Mbege haikusimama. Ilikuwa inakwenda Kibosho, na hakuna aliyeiambia kwamba safari imekatizwa. Iliinuka ndani ya pipa kama mtu aliyeitwa jina, ikaondoka na majani, ikapita juu ya kibanda, ikashukia kwenye kioo cha mbele na kwenye dirisha alikokuwa ameegemea Mwalimu. Kamba moja ilikatika. Yuditha alilidaka pipa kwa mikono yote miwili na sehemu ya kidevu. Kilichobaki ndani kingeweza bado kuitwa mbege ya mtu mwenye haya.

Lakini Melkior alikuwa amechanganyikiwa. Kioo hakionyeshi, wazee wanapiga kelele nyuma, ng'ombe amepata mwanya amepita. Akakanyaga mafuta. Gari likaruka mbele kuelekea mlimani, na mbege, ambayo sasa ilikuwa imekubali kutulia, ikabaki pale ilipokuwa. Pipa likamtoka Yuditha, likaegemea nyuma, likaanguka juu ya bodi, likamwaga barabarani kile ambacho sala na ulezi vilikuwa vimekitengeneza kwa wiki nzima. Ng'ombe aligeuka akarudi kunusa.

Kwa yule mama muuzaji walisimama kama Kornel alivyoahidi. Alikuwa anaosha vyombo. Mbege yote ilikuwa imekwisha tangu asubuhi. Kibosho nzima ilikuwa inaiwahi Jumatano.

Mzee Sirili aliwapokea uani kwa heshima zote. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, wa kahawa na rozari, na ndugu zake walikuwa wamepangwa kwenye mabenchi kwa umri. Hakuuliza kwa nini mgeni wake mkuu amelowa begani, wala kwa nini mama wa kijana ananuka kama chombo cha kupikia. Alilisogelea pipa, akalifunua, akatazama ndani. Akatazama tena, labda macho yalimdanganya. Kisha akaligonga kwa kiungo cha kidole, likalia.

"Mwalimu," alisema, "mmeniletea mbege au ngoma?"

Kornel alifungua mdomo, lakini Mwalimu alikuwa ameshaanza. Alieleza yote. Alieleza kwa nini kitu kinachokwenda hupenda kuendelea kwenda, na kwa nini gari likisimama ghafla kilichomo hakina habari. Alitumia mikono. Yalikuwa maelezo mazuri, Yuditha alikiri baadaye, pengine bora kuliko yote aliyowahi kuyatoa mezani. Wazee wa Kibosho walisikiliza bila kukohoa.

"Kwa hiyo gari lilisimama," Sirili alisema, "na mbege ikataka kuendelea kuja kwangu."

"Ndiyo, mzee."

"Basi mbege ina adabu kuliko nyinyi mlioileta."

Mabenchi yalicheka, na Yuditha akaona huenda Mungu yupo. Lakini Sirili hakuwa amemaliza. Alitaka kujua kama pipa zima lilimwagika. Mwalimu akasema hapana, ni nusu. Na nusu nyingine? Efraimu aliangalia fimbo yake. Kornel aligundua ndege mtini.

"Ilipunguzwa," Mwalimu alisema, "kwa ajili ya breki."

Kicheko cha pili kilikuwa kirefu kuliko cha kwanza, na ndicho kilichowamaliza. Mzee Sirili hakukasirika. Aliwakaribisha mezani, Mama Mektrida, mkewe, alileta machalari, ndizi zilizopikwa kwa nyama ya kutosha, na wageni walikula mpaka wakalegeza mikanda. Kila Kornel alipoukaribia ule mlango wa maneno, mwenyeji wake alimuuliza mvua za Pasua zinasemaje. Walizungumza kahawa. Walizungumza magonjwa ya migomba. Jina la Stella halikutajwa hata mara moja, ingawa Stella mwenyewe ndiye aliyewanawisha mikono, akiwa ameinamisha uso, mabega yakimtikisika. Yuditha aliogopa kwamba analia. Alipofika karibu yake akaona anacheka.

Wakati wa kuagana Sirili alisema kwamba baada ya Pasaka atakuwa nyumbani, na kwamba pipa lao lile la bluu analifahamu sasa, atalijua likirudi.

Jackson hakuruhusiwa kuwa uani siku hiyo. Alikuwa anangoja kwenye duka lililo chini kidogo, kando ya barabara, juu ya kreti la soda, katika viatu vile vipya. Yuditha alimwona kutoka mbali, akaanza kuhesabu. Majuma zaidi ya sita. Alimjua mwanawe, ndani ya majuma sita angeweza kurudi Arusha, akavua viatu, akatulia mpaka uzee. Walimweleza. Kila mmoja alieleza sehemu isiyomhusu. Jackson alisikiliza hadi mwisho, akamtazama baba yake begani, akatoa simu, akasogea kando. Waliona anaongea huku akitembea, akienda na kurudi mbele ya duka, hasimami.

Aliporudi alisema ameshaongea na bosi wake, amepata ruhusa ya wiki nzima baada ya Pasaka. Na safari ijayo mbege itapanda mlima huu vichwani mwa watu. Wabebaji anawajua Marangu, watu waliozoea kufikisha mayai ya watalii kambini bila kuyavunja. Kisha akapanda nyuma ya pikapu, akakaa kwenye godoro lililolowa, akalishika pipa tupu.

Ndipo Yuditha alipokubali kukaa ndani. Pasua walimshusha Kornel, ambaye aliahidi kuwaombea. Himo walimshusha Efraimu, ambaye aliwasihi wasilichukulie jambo hili kwa uzito. Melkior aliendesha kwa mwendo wa maandamano ya msalaba. Mbele yao mlima ulikuwa umejifunika, na harufu ya mbege ndani ya gari ilikuwa nzito.

Yuditha alikuwa amekaa nyuma ya mumewe, akiitazama shingo yake. Aliufikiria ule uso uliotoka dirishani kwenye kona, ukalitazama pipa, ukarudi ndani. Miaka yote alikuwa amesikiliza majibu. Hakukumbuka kama aliwahi kuuliza.

"Baba Jackson," alisema. "Ulijua kwamba pipa likibaki nusu ndipo litakapocheza?"

Mwalimu hakugeuka.

"Nilijua," alisema. "Nilijua tangu Himo. Lakini ilikuwa nzuri sana, mama Jackson."